TAKA ZA HOSPITALI: ANAYETUPA SIYE ANAYEOKOTA

Leo katika ukurasa wetu wa afya nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu hawapendi kulizungumza mezani: taka za hospitali. Najua wapo watakaosema, "Hilo linatuhusu nini, sisi si madaktari?" Linatuhusu sana. Hesabu Waswahili wenzetu wanaoishi au kufanya kazi hapa Mirdif. Utamkuta nesi wa kliniki, mfanya usafi wa wodi, dereva, mlinzi, yaya, na dada wa kazi anayemtunza bibi mwenye kisukari ndani ya villa. Karibu kila mmoja wao, kwa siku moja, anashika kitu kilichotoka kwenye mwili wa mgonjwa. Anaweza asijue, lakini anashika.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msinitafute mwishoni. Wafanyakazi wa hospitali wanajua taka ya aina gani inakwenda wapi. Mabango yamejaa ukutani, mafunzo yanafanyika, na mitihani wanaifaulu. Tatizo si kutojua. Tatizo ni kwamba anayetupa siye anayeokota. Daktari anaweka sindano vibaya sekunde moja, anaondoka zake. Saa tatu baadaye mtu mwingine kabisa, ambaye hata jina lake daktari halijui, anaubeba ule mfuko na kuchomwa mguuni. Na hapa Ghuba, mtu huyo mwingine mara nyingi ni mimi na wewe, au ni ndugu yetu kutoka Nepal, India, Bangladesh au Ufilipino.

TUANZE NA HESABU

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kwamba katika taka zote zinazotoka hospitalini, asilimia 85 hivi ni taka za kawaida: maboksi ya dawa, karatasi, mabaki ya chakula, chupa za maji, nailoni za kufungia vifaa. Hazina tofauti na taka za nyumbani kwako. Asilimia 15 tu ndizo za hatari: zenye damu na majimaji ya mwili, sindano na visu, kemikali, dawa zilizokwisha muda, na chache zenye mionzi.

Sasa fikiria jikoni. Ukimwaga kijiko kimoja cha mafuta ya taa kwenye sufuria la wali, hutasema umeharibu kijiko kimoja cha wali. Umeharibu sufuria zima. Ndivyo ilivyo kwa taka. Pamba moja yenye damu ikiingia kwenye gunia la karatasi safi, gunia lote limekuwa la hatari. Haliwezi tena kurejelezwa, linagharimu zaidi kulisafirisha na kuliteketeza, na anayelibeba yuko hatarini.

WHO wanaeleza pia kwamba nchi tajiri hutoa hadi nusu kilo ya taka hatarishi kwa kila kitanda cha hospitali kwa siku, na nchi maskini wastani wa kilo 0.2. Lakini wanaongeza kuwa katika nchi maskini taka mara nyingi hazitengwi, hivyo zile zenye hatari kwa kweli ni nyingi kuliko hesabu inavyoonyesha.

Halafu ikaja Korona. Ripoti ya WHO ya Februari 2022 ilikadiria kwamba vifaa vya kujikinga vilivyonunuliwa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021 vilikuwa na uzito wa tani 87,000, na vingi vyake vingeishia kuwa taka. Chanjo zaidi ya bilioni 8 zilizokuwa zimetolewa duniani ziliacha tani 144,000 za mabomba ya sindano, sindano zenyewe na maboksi yake. Katika kipindi kile kila kitu kilionekana kina virusi, hata kanga ya nailoni iliyofunika boksi jipya. Woga ule ulikuwa na sababu yake. Lakini Korona imepita, na tabia ya kutupa kila kitu kwenye mfuko wa hatari imebaki.

MANENO MANNE NINAYOYASIKIA

Ukikaa na watu wa hospitali, wawe wa Dubai, Dar es Salaam, Mombasa au London, utayasikia maneno manne kuhusu taka. Nayataja moja moja na kuyajibu.

La kwanza: "Hiyo si kazi yangu." Hili husemwa zaidi na wakubwa. Daktari anaona kazi yake ni kutibu, usafi una wenyewe. Lakini kutenga taka hakuwezi kufanywa na mtu wa usafi baadaye. Mfuko ukishafungwa haufunguliwi, kwa sababu kuufungua na kuchambua kwa mkono ndiyo hatari yenyewe. Kwa hiyo mtu pekee anayeweza kutenga taka kwa usalama ni yule aliyeizalisha, palepale, dakika ileile. Aliyechoma sindano ndiye aiweke kwenye boksi la sindano. Asimwachie nesi, na nesi asimwachie mfanya usafi. Kumwachia mtu mwingine sindano yako juu ya trei ni sawa na kumwachia mtoto kisu kitandani.

La pili: "Tia zote kwenye mfuko wa njano, ndiyo salama." Hili husemwa na watu wema, wanaoogopa kukosea. Lakini si salama. Mifuko ya njano ikijaa vikombe vya chai na maboksi, inajaa mapema, inarundikana kwenye korido, inapasuka. Na yote hiyo itateketezwa kwa gharama kubwa. Moto nao si mchezo. WHO wanasema tanuri linalofaa ni lile la kisasa linalofika nyuzi joto 850 hadi 1,100 na lenye mitambo ya kusafisha moshi. Plastiki zenye klorini zikichomwa kwa moto hafifu hutoa sumu ziitwazo dioksini, ambazo zinahusishwa na saratani. Kwa hiyo plastiki safi unayoitia kwenye njano "kwa usalama" inaweza kurudi kifuani mwa mtu kwa njia ya moshi.

Waingereza wameliona hili. Mwaka 2018 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilianzisha kampeni ya kuwaambia wafanyakazi wavue glovu pale zisipohitajika, kama wakati wa kumlisha mtoto au kutandika kitanda kisicho na uchafu. Katika mwaka mmoja waliokoa tani 21 za plastiki. Hawakununua mashine yoyote. Walibadilisha mazoea tu. Na mwaka 2023 huduma ya afya ya Uingereza ilijiwekea lengo kwamba katika taka za kitabibu, asilimia 20 tu ziende kuchomwa, asilimia 20 zitibiwe kama za maambukizi, na asilimia 60 zitambuliwe kuwa si za maambukizi, kama pampasi za wagonjwa wasio na ugonjwa wa kuambukiza. Wenzetu wengi wanaofanya kazi kwenye nyumba za wazee kule wanaujua mfuko ule wa njano wenye mstari mweusi.

La tatu: "Mwishowe zinachanganywa tu." Hili ndilo linaloua moyo kuliko yote. Nesi ametenga vizuri, halafu anaona mtu anatupa mifuko yote kwenye toroli moja. Kesho hatengi tena, na mimi simlaumu. Lawama hapa ni ya uongozi. Kama hospitali inataka watu watenge, iwaonyeshe safari ya taka mpaka mwisho: inakwenda wapi, nani anaichukua, inafanywa nini. Hapa Dubai ipo sehemu maalumu ya kushughulikia taka za hatari kule Jebel Ali, na taka za hospitali zinasimamiwa na Manispaa kwa utaratibu wake. Ni wafanyakazi wangapi wa wodi wamewahi kuelezwa hilo? Mtu hawezi kuheshimu kazi ambayo mwisho wake hauoni.

La nne: "Kurejeleza vitu vya hospitali? Unataka kutuua?" Hili linatoka hasa kwetu, na lina historia yake. Wazazi wetu wanakumbuka zahanati ambako bomba la sindano la kioo lilichemshwa kwenye sufuria na kutumika tena kwa mtu mwingine. Ilipofika mwaka 1999, WHO, UNICEF na UNFPA zilitoa tamko la pamoja la kuhimiza chanjo zitolewe kwa sindano zinazojifunga zenyewe baada ya kutumika mara moja. Kwa hiyo mtu wa kizazi kile akisikia "kutumia tena" na "hospitali" kwenye sentensi moja, anashtuka. Na ana haki. Mwaka 2009 katika jimbo la Gujarat nchini India, watu 240 walipata homa ya ini aina ya B baada ya kutibiwa kwa sindano zilizokwisha kutumika, ambazo baadaye iligunduliwa zilipatikana kwa biashara ya magendo. Sindano ziliokotwa kwenye taka, zikauzwa kama mpya.

Lakini tusichanganye mambo. Kurejeleza halali hakugusi sindano wala pamba yenye damu. Kunagusa zile asilimia 85: katoni, karatasi, chupa za maji, ile kanga ya plastiki ya bluu inayofunika vifaa vya upasuaji kabla mgonjwa hajaingizwa chumbani. Australia tangu mwaka 2009 hospitali zimekuwa zikikusanya mifuko ya dripu na barakoa za oksijeni ambazo hazina maambukizi, na plastiki yake inatengenezwa mipira ya kumwagilia bustani. Na kumbuka funzo la Gujarat: sindano ziliuzwa tena kwa sababu hazikuharibiwa na kutengwa vizuri. Kutenga ndiko kunakomnyima mwizi bidhaa. Anayeogopa sindano kurudi mtaani ndiye angekuwa wa kwanza kudai taka zitengwe.

TUSIJIONE TUMEFIKA

Baadhi yetu tukifika Ghuba tunaona vyumba vinang'aa, tunadhani tatizo hili tumeliacha nyuma, kwenye shimo la kuchomea taka la zahanati ya kijijini. Kweli kule hali ni ngumu. Wengi tumeyaona yale mashimo, tumeziona tanuri ndogo za matofali zikitoa moshi mweusi karibu na wodi ya wazazi. Dandora, jalala kubwa la Nairobi lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kujaa mwaka 2001, limekuwa likipokea kila aina ya taka, za hospitali zikiwemo. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya kuwapima watoto 328 wa maeneo yale: nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Hawa ni watoto wanaocheza na kuokota mahali ambapo taka zote zimechanganyika.

Lakini kule kwetu pia kuna watu wanaofanya vizuri. Tanzania ilikuwa moja ya nchi 4 za Afrika, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, zilizoingia katika mradi wa UNDP wa kuacha kuchoma taka za hospitali na badala yake kuziua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, yaani mashine iitwayo otoklevu. Mashine ile haitoi moshi, na baadhi ya plastiki zinazotoka mle zinaweza kurejelezwa. Sharti lake ni moja tu: taka ziwe zimetengwa. Ukiitia kemikali au betri, umeharibu kazi. Tunarudi palepale, kwenye mkono wa yule anayetupa.

Na hapa Dubai? Hapa mashine zipo, magari yapo, sheria zipo, ikiwemo sheria ya nchi nzima ya mwaka 2018 juu ya usimamizi wa taka. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mkutano mkubwa wa hali ya hewa wa COP28 uliofanyika mji huu huu, ilitengwa siku nzima ya afya kwa mara ya kwanza katika mikutano hiyo, na nchi zaidi ya 120 ziliunga mkono tamko la afya na hali ya hewa. Ni jambo la kujivunia. Lakini tamko halifungi mfuko. Pengo la hapa liko kwa watu. Katika hospitali nyingi za Ghuba, usafi hufanywa na kampuni ya nje yenye mkataba. Mfanya usafi hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wa hospitali, hivyo mara nyingi hayumo kwenye mafunzo, hayumo kwenye kikao, na kama yumo, anasomewa kwa Kiingereza ambacho hakielewi. Mtu anayekutana na hatari ya mwisho ndiye anayepewa maelezo ya mwisho.

KWA WANAOFANYA KAZI HOSPITALINI: RANGI SI ZILE ZILE

Neno moja kwa manesi na wasaidizi wetu wanaohama nchi hadi nchi. Usiamini rangi uliyoizoea nyumbani. Tanzania na Kenya mfuko mwekundu ni wa taka zenye maambukizi makali au sehemu za mwili, na wa njano ni wa maambukizi ya kawaida. Uingereza mfuko wa chungwa ni wa maambukizi na wa njano ni wa kuchomwa. Marekani nyekundu ndiyo ya maambukizi. Hapa Imarati njano ndiyo utakayoikuta zaidi. Siku ya kwanza kazini, kabla hujauliza kantini iko wapi, uliza mfuko gani ni wa nini, na usome maandishi badala ya kutazama rangi.

Mengine mnayajua lakini nayarudia. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake. Boksi la sindano likijaa robo tatu linafungwa, halishindiliwi. Mfuko unashikwa shingoni, haukumbatiwi, haupigwi na goti.

KWA TUNAOISHI NA KUFANYA KAZI MAJUMBANI MIRDIF

Sasa nije kwa kundi ninalolihurumia zaidi, kwa sababu hakuna anayelifundisha. Mirdif ni mji wa villa. Katika villa nyingi kuna mzee, na kisukari ni ugonjwa ulioenea sana nchi hizi za Ghuba. Kwa hiyo kuna sindano za insulini, kuna vile visindano vya kutoboa kidole kupima sukari, kuna bandeji za vidonda, kuna pampasi za watu wazima. Kazi ya hospitali imehamia chumbani, lakini boksi la sindano halikuhamia nalo. Sindano inatupwa kwenye kapu la bafuni, na dada wa kazi anakusanya kapu kwa mkono.

Wengine tunajifariji kwamba taka za Dubai siku hizi zinachomwa kisasa. Ni kweli, si mbali na sisi, kule Warsan, kuna kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2023 kilichojengwa kuchoma karibu tani milioni 2 za taka kwa mwaka na kutoa umeme. Lakini kabla ya moto kuna mikono. Kuna wako wewe, kuna wa mtu wa gari la taka anayepita nje ya geti alfajiri, kuna wa anayechambua. Sindano haisubiri kufika Warsan ndipo ichome.

Fanya hivi:

1. Tafuta chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ile ya sabuni ya maji ya kufulia. Chupa ya maji ya kunywa haifai, ni nyembamba na sindano inaitoboa.

2. Iandike nje "SINDANO, USIFUNGUE", kwa Kiarabu au Kiingereza pia kama kuna anayeweza kukuandikia. Iweke karibu na anapochomea mgonjwa, mbali na watoto.

3. Sindano na visindano vya kidole viingie humo mara tu baada ya kutumika. Usirudishe kifuniko, usiikunje, usiivunje.

4. Ikifika robo tatu, funga, zungushia selotepu, na mwambie mwenye nyumba aipeleke kliniki au duka la dawa wanapochukulia insulini. Waulizeni kama wanazipokea na kwa utaratibu gani. Wasipopokea, Manispaa ya Dubai ina namba ya simu 800900 ya kuulizia mambo ya taka.

5. Chupa hiyo isiingie kamwe kwenye pipa la kurejeleza. Plastiki yake ni ile ile, lakini kilichomo ndani kitamchoma mtu anayechambua.

6. Pampasi na bandeji zifungwe kwenye mifuko miwili. Tumia glovu, kisha nawa mikono. Glovu si badala ya sabuni.

7. Dawa zilizokwisha muda usizimwage chooni wala usiwape wenzako. Peleka duka la dawa na uulize.

Namna ya kumwambia bosi? Mwambie kwa heshima, na umweleze faida yake mwenyewe: "Mama, watoto wanacheza bafuni, naogopa sindano isije ikawachoma. Naomba tuweke chupa hii." Sijui mama gani atakataa hilo.

UKICHOMWA

Hapa naomba msome taratibu. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi, WHO wanakadiria uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini B ni asilimia 30, homa ya ini C asilimia 1.8, na VVU asilimia 0.3. Utaona kwamba kile tunachokiogopa zaidi ndicho chenye uwezekano mdogo zaidi, na kile chenye uwezekano mkubwa zaidi kina chanjo! Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi 3. Kama unafanya kazi hospitalini, kwenye usafi au kwa mgonjwa nyumbani, na hujui kama umechanjwa, uliza wiki hii.

Ukichomwa, osha palepale kwa maji mengi na sabuni. Usikamue, usinyonye, usimwagie jiki. Damu ikiruka machoni, suuza kwa maji safi muda mrefu. Kisha nenda hospitali saa ile ile. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na baada ya saa 72 hazitolewi tena. Kinga ya homa ya ini B nayo ni bora ndani ya saa 24.

Najua kwa nini watu wetu wananyamaza. Wanaogopa visa. Hapa kipimo cha VVU ni sehemu ya uchunguzi wa ukaazi, na mgeni anayekutwa na virusi hapewi ukaazi. Kwa baadhi ya kazi, zikiwemo za majumbani, hupimwa pia homa ya ini B. Kwa hiyo mtu akichomwa anajiambia, "Nikisema, nitafukuzwa." Ndugu yangu, hesabu hiyo umeigeuza. Ukiripoti siku ile ile, unapimwa damu siku ile ile, na kipimo hicho kinaonyesha kwamba kabla ya ajali ulikuwa mzima. Ndiyo karatasi yako. Ukinyamaza, likatokea la kutokea, utathibitishaje kwamba ulilipata kazini? Na dawa ambayo ingekuokoa muda wake utakuwa umepita. Anayenyamaza ili alinde visa anaweza kupoteza afya na visa kwa pamoja.

Sheria ya kazi ya Imarati iliyoanza kutumika Februari 2022 inamtaka mwajiri agharimie matibabu ya mtu aliyeumia kazini, na mfanyakazi analipwa mshahara kamili hadi miezi 6 ya matibabu, kisha nusu kwa miezi 6 mingine kama bado hajapona. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao ya mwaka 2022, na hapa Dubai bima ya afya ni wajibu wa mwajiri au mdhamini kwa kila anayemleta, wa ndani wakiwemo. Bima hiyo usikubali ikatwe kwenye mshahara wako.

TUNACHOPASWA KUDAI

Siamini kwamba mabango zaidi yatabadilisha chochote. Ningependa kuona mambo matatu madogo. Kwanza, mfanya usafi aingie kwenye mafunzo yale yale na daktari, chumba kimoja, siku moja, na apewe nafasi ya kusema kwa lugha yake nini anachokikuta kwenye mifuko. Pili, mfuko uliokutwa na sindano urudishwe kwa taarifa wodini ulikotoka, na mkuu wa wodi ajibu, badala ya kampuni ya usafi kulaumiwa. Tatu, chanjo ya homa ya ini B iwe ya kila anayegusa mfuko, hata kama mshahara wake unalipwa na kampuni nyingine.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mashine mpya. Kuhusu kurejeleza, yatakuja yenyewe. Mtu aliyezoea kufikiria mkono utakaofuata hashindwi kutenga katoni na pamba. Dubai imetuzoeza kubeba mifuko yetu wenyewe dukani: mwaka 2022 tulianza kulipa fils 25 kwa mfuko, na kufikia katikati ya 2024 mifuko ya kutumika mara moja ilikuwa imepigwa marufuku. Tulinung'unika wiki mbili, tukazoea. Na hili tutazoea.

Wewe unayesoma haya na una ndugu anayefanya usafi hospitalini au kazi za ndani, mpigie simu leo. Muulize maswali mawili tu: umechanjwa homa ya ini B? Na ukichomwa na sindano saa hii, unajua utakwenda wapi? Asipokuwa na jibu, msomee sehemu ile ya "UKICHOMWA" kwenye simu, polepole, mpaka aielewe.